Mpaka Nilioupandisha

4 Machi

Barua imefika. Mji wetu utatangazwa jiji tarehe moja Juni, na mimi ndiye nitakayepima mpaka mpya, kwa sababu mpima ardhi mwenzangu alistaafu na hawajaajiri mwingine. Katibu wa baraza aliisoma barua kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Watu wakapiga makofi. Dereva akauliza kama na gari nalo litapewa matairi ya jiji.

Mchana nilitoa ramani za zamani kwenye kabati la chuma. Katika ya kwanza mji ni duara tu. Mtu aliweka kikombe juu ya karatasi akazungusha kalamu, katikati akaandika "stesheni". Ya pili ni ya miaka thelathini baadaye, tulipokuwa manispaa. Hapo mpaka unapanda kilima na kumeza mashamba ya watu ambao hawakuandikwa popote. Katika ya tatu mpaka umerudi nyuma upande wa mashariki. Maelezo hakuna, ila pembeni mtu kaandika kwa penseli: "baada ya vurugu". Nikazikunja nikazirudisha.

Safari hii mpaka utashuka kutoka tangi la maji hadi kijito cha bondeni, kisha utafuata kijito mpaka machimbo ya kokoto. Wilaya jirani itatupa soko, machinjio, na nyumba mia sita za mteremkoni. Kaka yangu anaishi mteremkoni, na bucha lake liko sokoni. Kila siku anapita njia ya matope kutoka nyumbani hadi buchani, na vyote viwili vitakuwa vya jiji.

5 Machi

Mvua. Hatukutoka.

9 Machi

Bikoni saba za kwanza zimesimama kando ya kijito. Kila bikoni ni jiwe la saruji lenye chuma katikati na namba ubavuni. Msaidizi wangu ni yule yule wa miaka kumi na moja, tunayemwita Mrefu kwa kuwa akisimama na fimbo ya kupimia hujui fimbo ni ipi. Hatuongei sana kazini. Nikiinua mkono anasogea kushoto, nikiushusha wazi anaweka fimbo chini. Mume wangu husema mimi na Mrefu tunaelewana kuliko mimi na yeye, na hakosei.

Kaka alishuka na maini kwenye gazeti. "Kwa hiyo mdogo wangu umenipandisha cheo," akasema. "Nimekuwa mtu wa jiji hata sijaoga."

"Utaoga, kaka. Bomba litafika."

"Litafika lini?"

"Wewe oga tu kwanza."

Mrefu alicheka mpaka akaangusha nyundo.

18 Machi

Katibu kaniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Ramani yangu ilikuwa mezani kwake na alikuwa amechora juu yake kwa kalamu nyekundu.

"Mpaka upandishwe hadi barabarani," akasema.

Nikamwambia barabara iko mita mia nne juu ya kijito. Ukiufuatisha barabara, soko na machinjio vinabaki ndani, nyumba zote za mteremko zinatoka nje.

"Ndiyo maana."

"Barua imesema kijito."

"Wakaguzi watahesabu nyumba zisizo na maji. Zikizidi, hatupati hadhi. Jiji linahitaji soko. Vyoo vya shimo mia sita halivihitaji." Alinisogezea chai. "Hatuandiki barua kwa jambo dogo kama hili. Wewe ni fundi, unajua kurekebisha."

Nilikunywa ile chai. Nimeona niliandike hilo.

19 hadi 22 Machi

Tumeng'oa bikoni ishirini na nane na kuzipandisha barabarani. Mrefu alizibeba kwa toroli, moja moja, kwenye matope. Watu walikaa milangoni wakimtazama. Mimi nilikuwa juu na mashine ya kupimia pembe, mbali kidogo. Namba za kwanza sikuzifuta kwenye kitabu cha vipimo; nimezipiga mstari tu na kuandika mpya chini yake.

27 Machi

Tangazo limebandikwa sokoni: kuanzia katikati ya Aprili, meza na mabucha ni ya wakazi wa ndani ya mpaka peke yao. Kaka alikuja ofisini na aproni yake. Karani wa mapokezi akamwambia ananuka damu, asubiri nje. Akasubiri nje kwenye mvua.

"Nani kahamisha mpaka?" akaniuliza.

"Amri imetoka juu."

"Juu hakuna mikono. Nani kabeba yale mawe?"

Nilimtazama. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome hesabu. Ningeweza kusema, "Ni mimi." Nikasema, "Mrefu ndiye aliyeyabeba."

Ni kweli. Kila mtu alimwona. Kaka alitikisa kichwa mara mbili, akaenda zake.

2 Aprili

Bikoni tisa zimeng'olewa. Moja imevunjwa kwa nyundo na kupangwa vipande vipande mbele ya geti la baraza.

6 Aprili

Tumezirudisha tukilindwa na mgambo sita. Mama muuza vitunguu alikataa kusogeza gunia lake lililokuwa juu ya shimo letu. Mgambo mmoja, kijana mwenye mwanya, alimpiga rungu la goti, kisha la mgongo alipoinama kushika goti. Aliendelea kumpiga hata gunia liliposogezwa na watu wengine. Mama yule alipiga kelele moja tu, ya kwanza. Baadaye nilisikia rungu peke yake.

Mrefu alinigeukia, anasubiri ishara yangu. Niliinama nikasoma pembe. Nikaiandika. Ni sahihi, nimeihakiki mara mbili.

7 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mume wangu ni muuguzi wa wodi ya majeruhi. Anasema mama wa vitunguu mbavu tatu zimevunjika. Sikumwambia nilikuwepo.

11 Aprili

Fundi cherehani, jirani yetu wa mbele, anashona sare za watoto watakaoimba siku ya jiji. Kitambaa cha kijani kimejaa mpaka barazani. "Mama Bikoni," aliniita, mtaa mzima unaniita hivyo, "lile gauni lako la harusi nililishona kwa siku mbili. Hizi sare mia mbili zitaniua." Tulicheka. Ni mtu mwema. Wakati wa mazishi ya mama alishona nguo za wajukuu wote na hakutaka ahsante.

14 Aprili

Mgambo walifika sokoni saa tatu asubuhi na malori mawili. Mimi na Mrefu tulikuwa tumetangulia kuweka alama za uzio kando ya safu ya mabucha. Kiongozi wao hakusoma tangazo. Alipiga teke meza ya nyanya, na kila mtu akajua tangazo linasema nini.

Wa kwanza kurusha kitu alikuwa binti wa mama wa vitunguu. Alirusha jiwe la mizani, likampata mgambo mwenye mwanya mdomoni. Yule kijana alishika mdomo kwa mikono yote miwili na watu watatu wakamwangukia. Nilimwona chini ya miguu yao, halafu nikaona buti lake tu, halafu halikutikisika tena. Upande wa mkaa mgambo mwingine alipiga magoti, shoka limemkaa begani, akawa analitazama kama anajiuliza ni la nani.

Wakapiga risasi. Kwanza juu, baadaye si juu. Muuza mitumba alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akaegemea robota la mashati. Mashati yakaanza kubadilika rangi kutoka chini.

Mrefu alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Nilimpa ishara: mkono wazi, chini, weka fimbo, kimbia. Aliiona. Lakini aliikumbatia fimbo kwa mikono miwili mbele ya kifua, nadhani kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Kaka alitoka buchani. Aproni nyeupe, panga la kukatia mifupa. Hakukimbia. Alitembea katikati ya watu wanaokimbia, nao wakampisha.

"Ndiye wewe uliyetubebea mpaka," akamwambia Mrefu.

"Kaka mkubwa, mimi nashika fimbo tu. Muulize dada yako."

"Nimeshamuuliza."

Panga lilishuka juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia. Nimemwona kaka akikata mapaja ya ng'ombe maisha yangu yote. Hukata pigo moja, na hujisifu kwa hilo. Pigo lilikuwa moja. Mrefu hakulia. Alitazama chini, akatazama mkono wake, akatazama chini tena, kisha akaanguka.

Kaka aligeuka akanikuta nimefika. Uso wake ulikuwa wa kawaida. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani tangu asubuhi: ulikuwa uso wake wa kila siku. Alinishika bega kwa mkono uliolowa na kunisukuma pembeni, kwa upole, vile alivyokuwa akinivusha barabara nikienda shule.

"Mdogo wangu, toka hapa. Utaumia."

Nilimfunga Mrefu mkono kwa tepu ya kupimia, nikakaza mpaka vidole vyangu vikakatika ngozi. Nilimburuta hadi kwenye lori lao. Dereva wa mgambo alitaka kwanza kujua huyu ni wa ndani ya mpaka au wa nje. Nikamtukana tusi ambalo sikujua kama nalijua. Akafungua mlango.

15 Aprili

Kumi na mmoja wamekufa, wanne mgambo na saba wa soko. Mume wangu karudi na viatu vyenye damu mkononi, hawezi kuviingiza ndani. Mkono wa Mrefu haukuweza kurudishwa. "Aliyemkata anajua kazi," akasema. "Ni pigo safi. Umemwona?"

Nikasema kulikuwa na vurugu, sikuona vizuri.

17 Aprili

Mvua. Mazishi manne yamepita mtaani kwetu, majeneza ya mgambo. Vijana wanaoyafuata wana marungu.

19 Aprili

Wamechoma mteremko. Walianza asubuhi kutoka barabarani kushuka chini, mgambo mbele, vijana wa mjini nyuma yao na madumu ya petroli. Mvua ilikuwa inanyesha na moto haukujali, mabati yalikuwa yanajikunja na kulia. Nilitazama kutoka dirisha la ofisi. Walichoma kwa mpangilio kabisa, nyumba kwa nyumba, wakifuata mpaka wangu. Duka lililo hatua tano upande wa juu hawakuligusa. Lililo hatua tano upande wa chini walimfungia mwenyewe ndani.

Katibu alikuja akasimama nyuma yangu. "Angalau sasa mpaka unaonekana," akasema.

Ninaapa alisema hivyo. Karani wa mapokezi alimsikia pia.

Saa tisa wifi yangu alifika kwangu na mabinti zake wawili na godoro lililoungua upande mmoja. Nywele za mdogo zimeungua mpaka kwenye ngozi. Kaka hayupo. Wifi hakuuliza kama wanaweza kukaa. Alilala chini jikoni akiwa amefumbua macho.

20 Aprili

Mdogo hataki kuvaa viatu vyangu wala kula. Mkubwa ananiuliza, "Shangazi, na hapa ni ndani?"

23 Aprili

Walikuja saa nne asubuhi. Mume wangu yuko kazini, amelala huko siku tatu. Walikuwa kama thelathini. Wengi siwafahamu, lakini aliyewaongoza namfahamu. Alikuwa Fundi cherehani. Alikuwa na chupa ya petroli, na utambi uliochomekwa mdomoni mwa chupa ulikuwa kipande cha kile kitambaa cha kijani.

"Mama Bikoni, wewe na sisi hatuna ugomvi," akasema. "Toa watu wa chini."

"Fundi, huyu ni wifi yangu. Hawa ni watoto."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi. Wakija wengine hawatakuheshimu."

"Ulishona nguo za hawa watoto kwenye mazishi ya mama."

"Hao waliokufa sokoni, mmoja ni mtoto wa dada yangu. Yule mwenye mwanya." Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Umemuua na mstari wako, na mimi sikugusi. Kwa hiyo niachie hawa."

Nyuma yangu, ndani, nikasikia wifi akiburuta kabati.

Fundi akatoa kiberiti. Mlangoni kwangu huwa naegemeza nondo ya kuchimbia mashimo ya bikoni, ina ncha upande mmoja na bapa upande mwingine. Nilimpiga nayo ya taya. Nilisikia taya likivunjika, sauti ya tawi bichi. Chupa ikapasuka, petroli ikatulowesha sote wawili, kiberiti kikaangukia kwenye dimbwi la mvua. Akaanguka. Nikampiga tena, ya bega, akiwa chini.

Pigo la kwanza lilikuwa la kumzuia. La pili sijui lilikuwa la nini. Lilikuwa rahisi zaidi.

Nikainua nondo mara ya tatu na mtu mmoja katika kundi akasema, "Mama, basi." Akasema kwa heshima. Nikasimama hivyo hivyo nimeiinua. Walimkokota Fundi kwa kwapa, alikuwa anajaribu kusema kitu na mdomo haufungi. Hawakurudi.

24 Aprili

Mikono inanuka petroli, nimeiosha mara tano. Leo nimefikiria uso wa kaka sokoni. Nilimwona ni mtu mwingine, jitu lililovaa uso wake. Sasa sina hakika. Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni baada ya jana na sikuona lolote limebadilika.

2 Mei

Kaka kakamatwa machimboni. Wamempeleka wodini kwa mume wangu, kafungwa pingu kitandani, miguu yote miwili imevunjwa. Polisi wanasema aliruka akaanguka. Mume wangu anasema mtu akianguka miguu haivunjiki hivyo. Wifi alikwenda kumwona akafukuzwa getini.

Hawana shahidi. Wameuliza soko zima, na kila mtu alikuwa anakimbia.

10 Mei

Serikali imeleta tume, na mkuu wake ni jaji mstaafu, mwanamke. Wataanza kusikiliza watu wiki ijayo.

Nilikwenda kwa Mrefu. Anakaa chumba kimoja nyuma ya stesheni na binti yake, mwalimu. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Binti alinipa kiti akatoka.

"Sitamtaja," akaanza yeye. "Nimewaambia polisi sikumwona. Ni ndugu yako."

Ningenyamaza. Alikuwa ananipa zawadi na ningeweza kuipokea, kama nilivyopokea ile chai.

"Aliniuliza nani kabeba mawe," nikasema. "Nikamtaja wewe."

Hakuelewa mara moja. "Ulimwambia ni wewe uliyeniagiza?"

"Hapana."

"Ulimwambia ni Katibu?"

"Nilikutaja wewe tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati na tone moja lilikuwa linaangukia kwenye sufuria pembeni ya kitanda. Kisha akachukua ile sufuria kwa mkono wa kushoto na kunirushia. Haikunipata vizuri, kushoto hajazoea. Akatafuta kingine cha kurusha, akapata kikombe. Kikanipasua hapa juu ya jicho.

"Miaka kumi na moja!" alipiga kelele. "Nimekushikia fimbo miaka kumi na moja! Toka!"

Nikatoka. Binti alikuwa mlangoni, alisikia yote. Alinipa kitambaa cha kuzuia damu, akaufunga mlango.

16 Mei

Nimetoa ushahidi. Niliweka kitabu cha vipimo mezani, namba za kwanza zimepigwa mstari, za pili chini yake. Nikaeleza kalamu nyekundu. Katibu alikuwa safu ya pili, akawa anaandika vitu kwenye karatasi kwa utulivu.

Jaji akauliza, "Kuna amri ya maandishi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulihamisha mpaka wa watu elfu nne kwa mdomo wa mtu mmoja."

"Na mkono wangu."

Kisha akauliza kama nilimwona aliyemkata msaidizi wangu. Wifi alikuwa nyuma karibu na mlango, mtoto amelala begani. Nikasema ni kaka yangu, tumbo moja. Nikasema nilisimama wapi, umbali wa hatua ngapi, na jua lilikuwa upande gani, kwa sababu kazi yangu ni hiyo. Nikasema pia kwa nini alimchagua Mrefu. Nikasema na habari za Fundi, mapigo mawili, na kwamba la pili alikuwa chini.

"Hilo hatujakuuliza," jaji akasema.

"Najua."

Nilipogeuka wifi hakuwepo.

17 Mei

Wifi anapika, analisha watoto, anafua. Hajanitazama.

27 Mei

Tume imeamua. Mpaka urudi kwenye kijito. Hadhi ya jiji ibaki kama ilivyopangwa. Yote kwa aya moja. Katibu amehamishiwa wizarani. Mimi nimesimamishwa kazi, ila kabla sijakabidhi mashine nirudishe bikoni zote ishirini na nane. Nimepewa vibarua wawili wasionijua.

30 Mei

Tumemaliza. Mvua imekatika, ardhi ya mteremko imekauka na kuwa nyeusi. Kibarua mmoja aliuliza hapa palikuwa na nini. Fundi yuko nyumbani, anakunywa uji kwa mrija. Nilipita nikasimama mbele ya baraza lake, mkewe akainuka akaingia ndani.

1 Juni

Sisi ni jiji. Tangu asubuhi tarumbeta na hotuba zinasikika kutoka uwanjani. Mume wangu alikuwa zamu. Wifi alifunga nguo za watoto kwenye shuka, akaziweka mlangoni, akasema maneno ya kwanza kwangu tangu siku ya tume.

"Nimekwenda kule mara mbili. Siijui nyumba yangu. Kila mahali ni majivu na mabati, na trekta limepita. Wewe unaweza kuijua?"

Mashine nimeshakabidhi. Nilichukua tepu mpya, koleo na vijiti vinne. Tulishuka sote, watoto mbele. Nilianzia bikoni namba ishirini na moja pale kijitoni. Kona ya nyumba ya kaka, niliyoipima Machi, ilikuwa mita ishirini na mbili na nusu kutoka hapo, kuelekea jabali la machimboni. Wifi alinishikia ncha ya tepu. Nilichomeka kijiti cha kwanza, nikapima upana, nikachomeka cha pili, kisha cha tatu na cha nne. Chini ya majivu koleo likagonga saruji ya kizingiti.

"Mlango ni hapa," nikasema.

Wifi aliachia tepu. Aliingia akipita kizingitini, hakuruka vijiti, watoto nao wakaingia kwa mlango huo huo. Akaweka lile furushi chini, mahali palipokuwa pa kitanda, akakaa juu yake akiwa amenipa mgongo.

"Haya," akasema. "Sasa nenda."